Chama kiko madarakani na watu wameshakichoka: anzieni hapa kabla ya uchaguzi

Hapa Arusha ukikaa jioni pale Kaloleni, karibu na mnara wa Mwenge na makumbusho ya Azimio, kuna kijiwe cha kahawa ambapo wazee na vijana wanabishana siasa za dunia nzima, Uingereza, Kanada, Afrika Kusini, siku hizi mpaka Norway, na swali linalorudi rudi ni moja, chama cha mrengo wa kati-kushoto kikishika serikali alafu kikaanza kuchokwa, kinafanyaje kirudi kwa watu kabla uchaguzi haujakikuta? Nimebishana sana mpaka nikaona bora niandike, maana nimewahi kuwa katibu wa tawi kwa miaka minne, chama sikitaji, na kuna vitu niliviona kwa macho yangu ambavyo naamini vinafanana kila nchi.

Ninaposema kati-kushoto namaanisha vile vyama vinavyosema soko liwepo na biashara ziwepo ila serikali isimwache mnyonge, shule na hospitali ziwe za wote, mwenye nacho alipe kodi zaidi. Labour ya Uingereza, ya Australia na ya New Zealand, SPD ya Ujerumani, ANC ya Afrika Kusini, na Liberal ya Kanada nayo tuiweke humo japo kuna watakaobisha. Vyama hivi vikiwa madarakani vina tatizo lao la peke yao, wale waliovipigia kura ndo hao hao wanaoumia wa kwanza bei zikipanda. Mwenye hela mkate ukipanda analalamika basi, ila mpangaji akipandishiwa kodi ya chumba na nauli mwezi huo huo anaanza kuangalia chama kingine, na ana haki.

Sasa twende, na ninachukulia una mwaka mmoja na nusu hivi mkononi. Ukiwa na miezi mitatu tu mengi ya humu yamekupita.

Rudisheni chama, kitoke mfukoni mwa serikali

Hapa nitakaa sana kwasababu ndo mzizi wa yote. Chama kikishinda, watu wake wazuri wote wanaingia serikalini, huyu waziri, huyu msaidizi wa waziri, huyu mwenyekiti wa bodi, na ofisi ya chama inabaki na waliokosa nafasi, ambao nao wanasubiri uteuzi kwa hiyo hawawezi kusema neno baya. Ndani ya mwaka chama kinakuwa spika ya serikali. Kazi yake inakuwa kueleza, kueleza, kueleza, na hakuna tena mtu ambaye kazi yake ni kusikia.

Nikiwa katibu wa tawi kila mwezi nilikuwa napeleka taarifa kata, na kila taarifa ilikuwa na sentensi ile ile, "hali ya kisiasa katika tawi letu ni shwari". Niliikuta kwa aliyenitangulia nikaendelea nayo. Kata wanakusanya shwari za matawi yote wanapeleka shwari moja kubwa wilayani, wilaya nao hivyo hivyo wanapandisha juu. Kuna mwezi maji yalikatika mtaani kwetu wiki tatu, kina mama wanatoka na ndoo saa kumi alfajiri, kuna dada mmoja tuliyekuwa tunaimba naye kwaya alikuwa ananipita hanisalimii kabisa, na taarifa yangu ya mwezi ule ilisema shwari. Niliogopa tawi letu liwe la kwanza kuandika vingine. Uchaguzi wa mtaa ulivyokuja tukaanguka vibaya, na huko juu walishangaa kweli kweli, walikuwa hawajui, maana waliotakiwa kuwaambia tulikuwa sisi. Jambo hili mpaka leo linaniuma.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa, toeni mtu mzito serikalini mkampe chama. Namaanisha mmoja wa wale wanne watano ambao kiongozi mkuu anawaamini na hawezi kuwapuuza, sio mstaafu anayetafutiwa pa kukaa. Asiwe na wizara, asihudhurie baraza la mawaziri, kazi yake iwe moja tu, kukaa na kiongozi kila wiki na kumwambia watu wanasemaje. Mfano tunao hapa hapa nyumbani na sijui kwanini hatuutumii kufundishia. Uhuru ulikuja Desemba 9, 1961, na ilipofika Januari 22, 1962, wiki sita tu, Mwalimu Nyerere akaacha uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, yeye akaenda kukijenga chama cha TANU upya. Vijana wengi nikiwaambia hili wanadhani alipinduliwa. Hapana, aliacha mwenyewe, chama kilichozoea kudai uhuru sasa kilikuwa kinahitaji kazi nyingine na aliona kazi hiyo haifanyiki na mtu anayeshinda ofisini Dar es Salaam anasaini mafaili. Mwaka huo huo mwezi Desemba alirudi kama Rais wa Jamhuri. Sisemi kila waziri mkuu aachie kiti, ila mjue uzito wa kazi yenyewe, aliyeianza hapa kwetu aliiona inafaa kuachia kiti kikubwa kuliko vyote.

Na huyo mtu mumlinde na machawa. Kila chama tawala kina machawa, wale ambao kiongozi akipiga chafya wanasema amehutubia, na mtu anayeleta habari mbaya watamchongea mpaka aondoke. Kiongozi mwenyewe ndo anatakiwa aseme mbele ya wote kwamba huyu nimemtuma mimi aniletee mabaya.

Sikilizeni kwa daftari

Mikutano ya hadhara haisaidii hapa, wanaokuja wamekuja na malori na tisheti na wanajua lini wapige makofi. Tafuteni vijana, wawili wawili, wasivae sare, na wasitoke kata ile ile wanayokwenda, kijana wa Sanawari aende Unga Limited na wa Unga Limited aende Sanawari, maana mtu hawezi kumwambia mtoto wa jirani yake ukweli wote. Waende kwa watu wa aina moja tu, waliowapigia kura mara ya mwisho na sasa hawana mpango huo. Wanachama damu msiwasumbue, na wale ambao hawajawahi kuwapenda nao waacheni kwa sasa. Wiki sita zinatosha.

Maswali yawe machache. Mara ya mwisho ulitupa kura ukitegemea nini? Mwaka huu ni kitu gani kimekukasirisha mpaka ukalala nacho? Tukifanya nini utaamini kwamba tumesikia? Alafu kimya. Kijana akianza kueleza mafanikio ya serikali mrudisheni nyumbani, hafai kwa kazi hiyo hata kama ni mtoto wa mwenyekiti.

Na waandike maneno kama yalivyosemwa, kwenye kauntabuku la kawaida, pamoja na jina na mtaa kama mtu ameridhia, mtakuja kuona kwanini. Mtu akisema "mmetusahau" msiandike "kuna changamoto ya mawasiliano". Hili neno changamoto limeua vyama vingi, kila maumivu ya watu yanageuzwa changamoto, na changamoto haina mtu wa kuwajibika nayo. Andikeni mmetusahau.

Mkiyasoma yale madaftari mtaona hasira za aina mbili. Kuna ya mfuko, bei, kodi, nauli, karo. Na kuna ya kudharauliwa, mtu anahisi mnamuona mjinga, au mnamchukulia kwamba kura yake ni yenu tu haendi popote. Hiyo ya pili ndo inayoangusha, kwasababu mwenye njaa anaweza kukuvumilia kama anaona unahangaika naye, ila aliyedharauliwa anakusubiri kwenye sanduku la kura.

Mwiba utoeni mapema

Kila serikali iliyochokwa ina mwiba wake, uamuzi mmoja uliowaudhi watu na wote wanaujua, ukimuuliza mtu yeyote sokoni anakutajia bila kufikiri. Mkishasoma daftari mtaujua. Huo utoeni, na utoeni mapema, na mseme kwamba mnautoa.

Uingereza ni somo zuri kwa upande mbaya. Labour walishinda Julai 2024 kwa viti zaidi ya 400 bungeni, ila kwa asilimia 33.7 tu ya kura, yani ushindi mpana lakini mwembamba kama karatasi. Kabla mwezi haujaisha waziri wa fedha Rachel Reeves akatangaza kwamba ile pesa ya wazee ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi, pauni 200 mpaka 300, sasa watapata wale maskini kabisa tu, wazee kama milioni 10 wakatolewa. Sisi wa Arusha tunaijua baridi ya Julai ila ya kwao mzee anaweza kufa nayo. Wakang'ang'ana na uamuzi huo miezi kumi. Mei 2025 wakapoteza jimbo la Runcorn and Helsby mbele ya Reform UK, chama cha mrengo wa kulia, kwa kura 6, narudia, kura sita, na uchaguzi wa halmashauri ukawa mbaya siku hiyo hiyo. Juni wakarudi nyuma, mzee mwenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka akarudishiwa. Sasa piga hesabu, hela waliyotaka kuokoa nyingi imerudi, na hasira imebaki, kwasababu mtu anasema mlinirudishia baada ya kuniona nawapiga, sio kwa kunihurumia. Wangerudi nyuma Oktoba ile ya kwanza wangeitwa wasikivu.

Afrika Kusini naiona chungu zaidi. Watu walikaa miaka na mgao wa umeme, 2023 ndo ulikuwa mbaya kuliko yote, alafu mgao ukasimama mwishoni mwa Machi 2024 na uchaguzi ulikuwa Mei 29. Inawezekana kabisa mafundi walifanya kazi ya kweli, na umeme uliendelea kuwaka hata baada ya uchaguzi, ila miezi miwili kabla ya kura nani ataamini? Mtu wa kawaida aliona danganya toto. ANC wakatoka asilimia 57.5 za mwaka 2019 wakaanguka mpaka 40, wakakosa wingi bungeni kwa mara ya kwanza tangu 1994. Kwa hiyo kitu kizuri kikichelewa kinasomeka kama rushwa. Mimi nasema miezi tisa kabla ya kura ndo mwisho, kitu ambacho watu hawajaishi nacho miezi tisa msikihesabu.

Na ule utaratibu wa kutoa mwiba una adabu yake. Anasema kiongozi mwenyewe, sio msemaji. Anasema tulikosea, sio "tumeboresha". Alafu anautoa wote, sio nusu, maana nusu inafanya mpigane vita mara mbili.

Swali la kiongozi

Kijiweni hili ndo linapendwa, nani atolewe. Mimi naliweka hapa katikati makusudi, kwasababu ukibadilisha dereva wa hiace ambayo breki zimekufa, mteremko wa Kijenge ni ule ule.

Watu wanapenda kutaja Kanada. Na kweli ni maajabu, Januari 6, 2025 waziri mkuu Justin Trudeau anatangaza anaondoka, chama chake cha Liberal kiko nyuma ya wapinzani wao Conservative kwa zaidi ya pointi 20 kwenye tafiti za maoni, Machi 9 wanamchagua Mark Carney, Aprili 28 wanashinda uchaguzi, viti 169 kati ya 343, na kiongozi wa upinzani Pierre Poilievre akapoteza hata jimbo lake mwenyewe. Ila angalieni kilichofanyika ndani yake. Carney alikuwa gavana wa benki kuu ya Kanada na baadae ya Uingereza, alikuwa hajawahi kuwa mbunge, kwa hiyo maamuzi ya miaka tisa hayakuwa na saini yake. Siku ile ile ya kuapishwa, Machi 14, akaifuta kodi ya hewa ukaa kwa mtumiaji wa kawaida, ile iliyokuwa inaonekana kwenye bei ya mafuta kituoni, yani mwiba wenyewe. Na alisaidiwa na Trump aliyekuwa anatishia kuifanya Kanada jimbo la Marekani na kuwawekea ushuru, wananchi wakataka mtu mtulivu anayejua hesabu. Hilo la Trump huwezi kulipanga, msijenge mkakati wenu juu ya bahati ya mwenzenu.

Wajerumani wao walifanya kinyume. Novemba 2024 serikali ya kansela Olaf Scholz ikavunjika, chama chake cha SPD kikakaa wiki mbili hivi kinabishana hadharani kama kimuweke waziri wa ulinzi Boris Pistorius aliyekuwa anapendwa zaidi, mwishowe Pistorius akasema yeye hagombei, wakabaki na Scholz ambaye sasa nchi nzima imeshasikia wenzake hawamtaki. Februari 2025 wakapata asilimia 16.4 kutoka 25.7. Hapo kosa kubwa kwangu ni zile wiki mbili, sio Scholz mwenyewe. Ukiamua kumbakiza mtu mbakize bila kumjadili redioni.

Australia nao walipitia ya kwao, 2010 Labor wakamtoa waziri mkuu wao Kevin Rudd wakamweka Julia Gillard, 2013 wakamtoa Gillard wakamrudisha Rudd, miezi michache baadae wakaanguka. Watu hawakuona chama kinajisafisha, waliona wanandugu wanagombania urithi. Walijifunza, wakaweka kanuni kwamba waziri mkuu aliyeko madarakani hapingwi mpaka robo tatu ya wabunge wa chama wasaini.

Sasa unajuaje? Rudi kwenye daftari. Kama watu wanataja jina la kiongozi kabla hawajataja bei ya unga, tatizo ni mtu, na huyo mtu aambiwe na marafiki zake, sio na maadui, aondoke mwenyewe kwa heshima na mrithi apatikane ndani ya miezi miwili. Kama bei ya unga inatangulia na jina halitajwi, msiguse kiongozi, mtajiongezea msiba.

Kuna njia ya katikati ambayo huku kwetu haijulikani sana na mimi naipenda kuliko zote, ya Norway. Januari 2025 chama cha Labour cha kule, Arbeiderpartiet, kilikuwa hoi, tafiti zinakipa chini ya asilimia 20, na waziri mkuu Jonas Gahr Støre anaonekana amekwisha. Mwisho wa mwezi ule chama walichokuwa wameungana nacho serikalini, Senterpartiet, kikatoka kwa ugomvi wa sheria za nishati za Umoja wa Ulaya. Wengine wangeita hilo balaa, kumbe walipata pumzi. Støre akabaki palepale, ila akamleta Jens Stoltenberg, aliyewahi kuwa waziri mkuu na baadae katibu mkuu wa NATO, ule umoja wa kijeshi, miaka kumi, akamfanya waziri wa fedha. Fikirieni mtu aliyekalia kiti kikubwa anakubali kukaa chini ya rafiki yake. Watu wakaona kumbe hawa wanaweza kushirikiana. Septemba 8, 2025 wakapata asilimia 28 na Støre akaendelea.

Kitu kimoja cha jikoni

Na hao hao Norway hawakuishia kwenye sura. Walitangaza bei moja ya umeme kwa nyumba, anayeitaka anajiunga nayo, øre 40 (senti za kwao) kwa uniti kabla ya VAT, kuanzia Oktoba 1, 2025. Watu walikuwa wamechoka kuamka hawajui leo uniti ni bei gani. Sisi tunaonunua LUKU tunaelewa raha ya kujua elfu kumi itakupa uniti ngapi.

Ilani yenye ahadi 200 haikumbukwi na mtu. Chagueni kimoja, na mkipime hivi, nendeni kwa mama ntilie soko la Kilombero saa sita mchana akiwa anapakua, mwambieni hicho kitu kwa pumzi moja, kama ameuliza "sasa mimi napataje" na jibu ni fomu tatu na kwenda ofisi fulani, hakijaiva, rudini. Kinatakiwa kimfikie bila kuomba. Kitu kinachomfikia mtu bila kumpigia magoti ofisa ndo siasa ya kati-kushoto yenyewe, mimi naamini hivyo kwa moyo wote, kwasababu msaada wa kuomba unamrudisha mnyonge pale pale pa kudharauliwa.

Mkipate wapi hela? Semeni wazi nani analipa. Januari 2024 waziri mkuu Anthony Albanese wa Australia alikuwa amerithi mpango wa serikali iliyopita wa kupunguza kodi, mpango ambao faida kubwa ilikuwa inaenda kwa wenye mishahara mikubwa, na alikuwa ameahidi hataugusa. Akaugusa. Akasimama akasema nimebadilisha, bei za maisha zimepanda, hela hii igawiwe ili walipa kodi wa chini na wa kati nao wapate. Walimwita muongo wiki kadhaa, ila Julai 1 watu wakaona kwenye mshahara, na ilikuwa imebaki miezi kumi kabla ya uchaguzi. Mei 3, 2025 Labor ikashinda viti 94 kati ya 150. Sio kwa hilo peke yake, bima ya afya na mikopo ya wanafunzi navyo vilichangia na upinzani ulijiharibia, lakini muda wake ulikuwa sahihi kabisa.

New Zealand inaonyesha mkitoa miiba bila kuweka kitu inakuwaje. Waziri mkuu Jacinda Ardern wa Labour aliondoka Januari 2023, Chris Hipkins akaingia akafuta mipango kadhaa iliyokuwa inawaudhi watu, akasema sasa ni mambo ya mkate na siagi tu, yani gharama za maisha ya kila siku, na chama kikapanda kwenye tafiti. Miezi ikapita, kikubwa cha kushika mkononi hakikuonekana, na Oktoba wakapata asilimia 26.9 kutoka 50 za mwaka 2020. Hasira ilipungua mwanzoni, ila hakukuwa na sababu ya kuwarudisha.

Miiko

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Huyo huyo Hipkins kilichomtesa katikati ya mwaka ni mawaziri wake, mmojawapo Michael Wood, waziri wa uchukuzi aliyekuwa na hisa za uwanja wa ndege wa Auckland, akaambiwa mara nyingi aziuze akawa anachelewa, mwishowe akajiuzulu. Uingereza Septemba 2025 naibu waziri mkuu Angela Rayner akaondoka kwasababu hakulipa kodi kamili aliponunua nyumba. Mtu wa mrengo wa kulia akikutwa na hisa watu wanasema biashara zake. Wa kwetu akikutwa nazo watu wanasema kumbe walikuwa wanatuhubiria.

Hapo tunapokunywa kahawa ndo palipozaliwa jibu. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilisema kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yakaja kulegezwa kwenye kikao cha chama Zanzibar mwaka 1991. Uchumi wa Azimio tubishane siku nyingine, mengi hayakufaulu, ila ile miiko mtu wa kawaida aliielewa bila kufafanuliwa. Chama kinachotaka kuaminika tena kiandike miiko yake isiyozidi ukurasa mmoja, mawaziri wote wasaini, na kiwe tayari kumtoa wa kwanza atakayevunja, hasa kama ni mkubwa. Mkianza na mdogo mmeshaharibu.

Wagombea

Kwa kifupi. Wabunge wa vipindi vitatu ambao majimbo hayawataki wasilazimishwe kwa watu. Na msiwaachie wajumbe peke yao, sote tunajua ule msemo kwamba wajumbe sio watu, bahasha za usiku zimeleta wagombea wengi ambao wananchi hawajawahi kuwaona. Fungueni kura za maoni kwa kila mwanachama mwenye kadi. Mwaka 1965, tena ndani ya chama kimoja, TANU iliweka wagombea wawili karibu kila jimbo, huyu alama ya jembe huyu ya nyumba, na mawaziri wakaanguka akiwemo Paul Bomani wa fedha. Upinzani haukuwepo na hilo lilikuwa pengo kubwa, ila angalau mwananchi aliruhusiwa kumtoa mkubwa na chama hakikufa kwa hilo.

Wiki za mwisho

Tarehe kama iko mikononi mwenu amueni moja na msiitaje mpaka mmeamua. Gordon Brown, waziri mkuu wa Uingereza wa Labour, mwaka 2007 aliacha minong'ono ya uchaguzi wa mapema ikue, Oktoba akasema hakuna, ile sura ya mtu imara ikaondoka na haikurudi mpaka alipoanguka 2010.

Wapinzani wa kulia msiwaige maneno. Wakisema mgeni ndo mwizi wa kazi zenu na nyie mkasema nusu mgeni, aliyeamini atachagua mwenye neno zima, na wale wenu wa siku zote watakaa nyumbani. Semeni lenu.

Alafu siku kumi za mwisho, yale madaftari yatoeni kabatini. Kila mtu aliyekubali kuandikwa jina arudiwe na kijana yule yule aliyemuandika, amsomee maneno yake mwenyewe, amwambie lipi limefanyika, lipi halijafanyika na kwanini halijafanyika, asimuombe kura kabla hajamaliza hayo. Itachukua muda, wengine watafunga mlango. Anzeni na wale waliosema maneno makali zaidi, na nendeni asubuhi watu wakiwa hawajachoka.